Shule ya msingi ya wanangu hapa Kentucky: mzazi anahudumiwaje? Nyota nne kati ya tano

Watu wetu hapa Kentucky tunaambizana kila kitu: duka gani lina unga wa muhogo usio na mchanga, fundi gani wa gari hamzungushi mtu, daktari gani wa meno anapokea Medicaid, ile bima ya afya ya serikali. Kuhusu shule tunanyamaza. Tunawaacha watoto pale saa saba kwa siku, siku tano kwa wiki, na tukiulizwa shule ikoje tunajibu "nzuri tu, basi linakuja kwa wakati". Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu kuwa mzazi wa shule moja ya msingi, na nataka niieleze kama mtu anavyoeleza huduma yoyote aliyoitumia: wanakupokeaje, wanakupa nini, na ukilalamika inakuwaje.

Nyota nne. Mwaka wa kwanza ningewapa moja. Jina la shule nimeliacha, maana nitasema na mabaya yake, na walimu hao bado wanawafundisha wanangu.

Kwanza mjue ni shule ya namna gani. Inapokea fedha za Title I, yaani fedha za serikali kuu ya Washington zinazopelekwa kwenye shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini. Sheria yenyewe ni ya 1965. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi huko Texas, nje ya kishule alichosomea utotoni, mwalimu wake wa kwanza akiwa amekaa kando yake. Imerekebishwa mara nyingi, na inayotumika leo ni ile aliyoitia sahihi Rais Obama mwezi Desemba 2015. Shule ikiwa na watoto wa kipato cha chini angalau asilimia 40, inaruhusiwa kuzitumia fedha hizo kwa shule nzima badala ya kuwatenga watoto wachache, na yetu inafanya hivyo. Fedha hizi zina masharti, na sehemu kubwa ya masharti inawahusu wazazi: waitwe, waelezwe, waulizwe, wajibiwe kwa lugha wanayoielewa. Mimi nilisaini karatasi za shule mwaka mzima bila kujua kwamba nina fungu langu humo.

Sasa niwaeleze ile nyota moja ya mwaka wa kwanza.

Oktoba, mkutano wa mzazi na mwalimu. Binti yangu alikuwa darasa la tatu, ana miaka tisa. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa la kwanza, na mkutano ulikuwa na mwalimu wake yeye. Nilikuwa nimelala saa tatu tu, kwa sababu nafanya zamu ya pili kwenye ghala, saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku, na usiku ule walituongezea masaa. Tumekaa kwenye vile viti vidogo, magoti yananigusa kidevu. Mwalimu ana karatasi tatu mbele yake, zina mistari ya rangi, kijani, njano na nyekundu. Hakuna mkalimani. Mwalimu akamtazama binti yangu, akatabasamu, akaanza kuzungumza. Akazungumza kwa muda mrefu. Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu, akamwonyesha mdogo wake, akarudi kwenye mstari. Alipomaliza, binti yangu akanigeukia:

"Anasema anaendelea vizuri, ila aongeze bidii kidogo."

Nikamshukuru mwalimu, nikampa mkono kwa mikono miwili kama tulivyolelewa. Nikaenda zangu nikiwa na furaha.

Mwezi wa pili ikaja karatasi ya ripoti. Nilimpelekea kaka mmoja Mkongo tunayesali naye, ambaye ni mkalimani wa hospitali. Akaisoma kimya mara ya kwanza. Kisha akaniambia, "Dada, mtoto hajui kusoma. Hapa wanasema tangu Oktoba walikuomba ruhusa ya kumwekea mwalimu wa ziada." Usiku ule nilimsubiri binti yangu amalize kuoga, nikamuuliza polepole. Akalia. Akasema, "Nilisikia, mama. Lakini wewe ulikuwa umechoka, na mdogo wangu alikuwa ananitazama."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Mtoto wa miaka tisa aliwekwa katikati ya watu wazima wawili, akabebeshwa habari mbaya ya mdogo wake, na akafanya alichoona ni huruma. Kosa ni la waliomweka pale, na langu mimi niliyekubali kwa sababu nilidhani ndivyo inavyofanyika. Miezi minne mwanangu alikaa bila msaada uliokuwa tayari, unangoja neno langu moja.

Yule kaka ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na lugha imo humo. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau v. Nichols iliyoletwa na familia za Kichina za San Francisco, ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule hakutoshi kuitwa usawa. Na sheria ya Title I nayo inasema taarifa kwa wazazi zije kwa lugha wanayoielewa, kadiri inavyowezekana. Kiswahili hapa si lugha ya kutafutwa kwa tochi. Wakalimani wapo, hata kwa simu.

Akaniambia jambo jingine ambalo ndilo lililonisaidia kuliko yote: kaombe faili la mtoto. Kuna sheria inaitwa FERPA, ya 1974, inayompa mzazi haki ya kuona kumbukumbu zote za mtoto wake shuleni, na shule isizidishe siku 45 tangu aombe. Ukikuta kosa, una haki ya kuomba lirekebishwe. Akaniandikia sentensi mbili kwa Kiingereza, nikazinakili kwa mkono wangu, nikaweka tarehe, nikapeleka.

Mlango wa shule ni wa kengele. Unabonyeza, kamera inakutazama, karani anakuuliza shida yako kwa kipaza sauti, na kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza hapo ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Ukiingia unatoa kitambulisho, kinapitishwa kwenye mashine, unapewa kibandiko chenye picha yako cha kubandika kifuani. Karani aliichukua barua yangu, akaisoma, akasimama. Sikuelewa alichosema ila niliona ameipiga muhuri wa tarehe bila kuombwa. Siku kumi baadaye waliniita.

Ndani ya faili kulikuwa na fomu ya siku ya kuandikisha, ile inayouliza nyumbani mnazungumza lugha gani. Imeandikwa: Kifaransa. Sahihi chini ni yangu. Nikakumbuka siku ile. Kijana wa kujitolea wa ofisi iliyotupokea alikuwa anajaza fomu za familia nne kwa mpigo, akaona Kongo, akaandika Kifaransa, akanisogezea kalamu. Kambini Nyarugusu, kule Tanzania, tulizoea: karatasi ikisogezwa mbele yako unasaini, kwa sababu usiposaini jina lako linaruka kwenye mgawo. Kwa hiyo barua za shule zilikuwa zinatoka kwa Kifaransa, ambacho nilikiacha darasa la sita, nami nikadhani ni za wengine nikazitupa. Mkalimani wa Kifaransa alikuwa ameandaliwa Oktoba, kumbe. Familia mbili za kwanza zilimrudisha kwa kutomwelewa, naye akaenda zake.

Karani alilibadilisha neno lile mbele yangu. Lilichukua dakika moja.

Ndugu zangu, kama kuna kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi, ni hicho. Nendeni mkaulize fomu ya lugha ya nyumbani imeandikwa nini. Wapo Wakongo wenzetu wameandikiwa Kifaransa, wapo Warundi wameandikiwa Kiswahili, na wapo walioandikiwa Kiingereza kwa sababu siku ile walijibu "yes" kwa kila swali.

Mwaka wa pili ndio nilioanza kuhudumiwa. Mkalimani wa simu ana mazuri na matatizo yake. Uzuri, anapatikana baada ya dakika chache, na mwalimu akitaka kunipigia anampigia yeye kwanza. Tatizo ni kwamba sauti hukatika, na mwalimu akishaanza hasimami. Siku hizi naomba kabla hatujaanza: sentensi mbili, kisha tusubiri. Tatizo jingine, wakalimani wengi ninaopata wanazungumza Kiswahili cha pwani, na wanakitumia cha vitabuni. "Tathmini ya umahiri inaonyesha upungufu." Nikamwambia yule dada, samahani dada yangu, nieleze kama unamweleza mama yako jikoni. Akacheka kidogo, akasema, "Anasoma herufi moja moja, akifika mwisho wa neno ameshasahau mwanzo." Hapo nikaona kila kitu.

Barua za maandishi ni habari nyingine, na hapa shule haijapona. Zinatafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia. Agosti ya mwaka wa pili nilipokea karatasi yenye kichwa cha habari "Mzazi wa Shule Ndogo". Niliisoma mara tatu. Nilidhani mwanangu anahamishiwa shule ndogo. Nilimpigia jirani, naye alikuwa ameshalia nusu saa, akidhani watoto wake wamefukuzwa. Kumbe ni mkataba wa shule na wazazi. Neno walilotumia kwa Kiingereza lina maana mbili, makubaliano au kitu kidogo kilichobanwa, na mashine ikachagua vibaya.

Huo mkataba nauzungumzia kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnausaini kila Agosti bila kuusoma. Ni sharti la Title I. Unaandikwa pamoja na wazazi, na unasema kila upande utafanya nini ili mtoto asome. Kwa shule za msingi lazima utaje mkutano wa mzazi na mwalimu angalau mara moja kwa mwaka, taarifa za mara kwa mara za maendeleo ya mtoto, na nafasi ya mzazi kuonana na walimu, kujitolea darasani na kwenda kutazama darasa. Si hati ya mahakama. Hakuna anayefungwa kwa kuusaini wala anayenyang'anywa chochote kwa kutousaini, na hilo nimelisema mara nyingi kwa akina mama waliotoka kambini, wanaoogopa karatasi. Wa kwetu ulikuwa na mstari unaosema mzazi atamsomea mtoto Kiingereza dakika 20 kila usiku. Kila usiku nipo ghalani! Na nikiwa nyumbani, nimsomee Kiingereza kipi? Nilikuwa nasaini uongo. Tulipoitwa kuupitia tulisema hivyo wazi, kwa adabu, na mwalimu mkuu akaandika palepale. Sasa unasema mtoto atasoma au atasimuliwa hadithi kwa lugha yoyote ya nyumbani. Mama mkwe wangu amepata kazi: hadithi za sungura na fisi kila jioni, na mtoto anarudi kumsimulia mwalimu kwa Kiingereza. Mwalimu anasema huko ndiko kuelewa kunakojengwa. Mama mkwe anasema alijua tangu zamani.

Tulivyofika kwenye meza hiyo ni kwa ule mkutano wa mwaka. Shule ya Title I lazima iwe nao, iwaalike wazazi wote, iwaeleze kwamba shule iko kwenye mpango na wao wana haki zipi. Wa kwetu ulikuwa Septemba, saa kumi na moja na nusu jioni. Saa hizo nusu ya wazazi Wakongo tupo kazini. Sheria inasema shule itoe nafasi tofauti za mikutano, asubuhi au jioni, na inairuhusu kutumia fedha za Title I kwa usafiri na kulea watoto wadogo wakati wazazi wanakutana. Tulipoomba wa asubuhi sikutegemea jibu. Wakaweka saa mbili na robo, tukishawashusha watoto, ndani ya maktaba, kahawa ipo, na mwalimu msaidizi mmoja amekaa na wadogo kwenye zulia. Tulikuja akina mama sita, baba mmoja, na mkalimani wa kweli, mwenye sura. Kwa hilo nawapa heko bila kubana. Hawakujitetea.

Mkutano ule ndimo nilimouliza swali la fedha. Nilikuwa nimefundishwa: ofisi ya wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya ushiriki wa wazazi na familia, na asilimia 90 ya hiyo ishuke hadi shuleni, na wazazi washirikishwe kuamua matumizi. Mikono ilitetemeka. Kwetu mzazi hamuulizi mwalimu mkuu habari za fedha, utaambiwa unamvunjia heshima. Mwalimu mkuu akafungua kompyuta, akatuonyesha. Mwaka uliopita zilinunua folda za karatasi, sumaku za kubandika kwenye friji zenye namba ya shule, na vitu vya usiku wa familia. Mimi sumaku ninayo. Iko pale kwenye friji, inashikilia bili ya umeme.

Tukasema basi fedha za mwaka huu zilipe wakalimani. Afisa wa wilaya aliyekuwapo akatukatalia, na alikuwa na haki: ukalimani wa mambo ya msingi ni wajibu ambao wilaya inao hata bila Title I, hivyo wasiutoe humu. "Msitumie fungu lenu kununua kitu mnachodaiwa kupewa," alisema, kwa tafsiri ya yule mkalimani. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kunyamaza akaokoa bajeti yake. Tukachagua vitabu vya kubeba nyumbani, pamoja na asubuhi nne kwa mwaka ambazo mwalimu wa kusoma anatufundisha sisi wazazi jinsi wanavyofundisha kusoma Kiingereza.

Asubuhi ya kwanza ya hizo nne ilinibadilisha. Sisi tulijifunza kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Ukishazijua silabi umejua kusoma, hata neno usilolielewa unalitamka sawasawa. Nilikuwa nikimkasirikia mwanangu kwamba ni mvivu. Mwalimu akatuandikia ubaoni maneno manne yanayoishia na herufi zilezile nne, na kila moja linatamkwa kivyake. Yule baba akapiga meza, akasema, "Sasa mtoto afanyeje?" Mwalimu akasema hayo ndiyo wanayofanya kila siku, neno kwa neno, na ndiyo maana inachukua miaka.

Haki ya kutazama darasa niliitumia mwezi wa tatu mwaka huo wa pili. Unaomba siku moja au mbili kabla, unakaa nyuma, huzungumzi. Mwanangu alikuwa kwenye meza ya umbo la nusu mwezi, watoto wanne na mwalimu wa ziada. Ameweka kidole cha shahada chini ya neno, midomo inatembea bila sauti. Kulikuwa na neno refu ambalo mwisho wake una herufi zisizotamkwa. Alilisogelea, akarudi, akalisogelea. Mwalimu hakumwambia. Alihesabu kimoyomoyo, niliona kwa kichwa chake, moja, mbili, tatu, hadi mtoto akalitoa mwenyewe. Kisha wakaenda neno lingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia kwenye gari, na nikafika kazini nimechelewa dakika sita.

Barua mbili nataka mzijue ili zisiwashtue kama zilivyonishtua. Ya kwanza inasema mtoto wako amefundishwa kwa wiki 4 mfululizo au zaidi na mwalimu ambaye hajatimiza vigezo vya leseni vya jimbo kwa darasa hilo. Mwalimu wa binti yangu alikwenda kujifungua, akaja wa muda. Nilipopata barua nilidhani binti kafanya kosa. Hapana, ni shule inayotakiwa kukujulisha. Na hata bila barua, unaweza kuuliza wakati wowote kama mwalimu wa mtoto wako ana leseni ya jimbo kwa darasa na somo analofundisha, kama anafundisha kwa kibali cha muda, kama fani anayofundisha ndiyo ya leseni yake, na kama mtoto anahudumiwa na mwalimu msaidizi, ana sifa gani. Wakiulizwa hawachukii. Wana fomu yake tayari.

Ya pili inakuja ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa shule: mtoto wako amewekwa kwenye mpango wa kujifunza Kiingereza, kiwango chake ni hiki, atafundishwa hivi, atatoka akifikia hapa. Kentucky wanatumia mtihani wa WIDA, sehemu nne, kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, alama 1 hadi 6. Chini ya barua pameandikwa kwamba mzazi anaweza kukataa au kumtoa mtoto. Wapo wazazi wanaokataa haraka kwa aibu, wakidhani ni darasa la wajinga. Nami nilikaribia. Mimi nasema msikatae kabla ya kuuliza mambo mawili: atatolewa kwenye somo gani, na kwa dakika ngapi. Wangu alikuwa anatolewa wakati wa sayansi, somo pekee analolipenda. Niliomba wahamishe, wakahamisha. Na hata ukikataa mpango, mtihani ule ataendelea kuufanya kila mwaka hadi afikie alama ya kutoka, kwa hiyo unakataa msaada na mtihani unabaki.

Kentucky ina kitu kingine ambacho ndugu zetu wa majimbo mengi hawana. Tangu mageuzi ya elimu ya 1990, shule zina baraza lao: walimu 3, wazazi 2 na mwalimu mkuu. Wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao, kwa kawaida kila mwaka. Shule ikiwa na wanafunzi wa jamii za wachache asilimia 8 au zaidi na hakuna hata mmoja wa jamii hizo kwenye baraza, sheria inataka wachaguliwe. Mikutano iko wazi, yeyote anaweza kukaa na kusikiliza. Mwaka jana mama mmoja wa kwetu aligombea akapata. Kura zilikuwa chache mno kwa shule ya ukubwa ule, hiyo inaniuma. Tulipeleka karatasi ya majina ya wagombea mlango kwa mlango katika nyumba zetu za kupanga, na watu walituuliza kama ni mambo ya siasa.

Sasa nyota niliyoizuia. Kumbukumbu za vikao vya baraza bado zinatoka kwa Kiingereza peke yake, kwa hiyo mama yetu anasaini asichokisoma vizuri mpaka mtu amsomee. Barua za mashine bado zinakuja. Na mwezi uliopita karani mpya alimsimamisha binti yangu koridoni, akamwambia, "Mwambie mama yako aje kulipa faini ya kitabu cha maktaba." Kitu kidogo, mtasema. Lakini nilikwenda siku ileile, nikaomba simu ya mkalimani, nikamwambia karani kwa upole kwamba habari za nyumba yangu zipite kwangu. Akaomba radhi. Kitabu nacho kilipatikana chini ya kitanda.

Oktoba hii tulikuwa na mkutano wetu wa tatu na mwalimu. Kijana yuko darasa la tatu, mwaka ambao mitihani ya jimbo ya kusoma na hesabu inaanza. Binti yuko la tano, anakaribia kwenda shule ya kati. Nilimleta kwa sababu hakukuwa na mtu nyumbani. Mlangoni akapunguza mwendo, akaniuliza, "Mama, niingie?" Nikamwambia akae kwenye benchi la nje na mdogo wake. Ndani simu ilikuwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa, yule dada wa pwani yuko hewani. Mwalimu alitoa karatasi zake tatu. Mstari mwekundu bado upo, kwenye kuandika. Kwenye kusoma ni njano. Aliongea sentensi mbili, akanyamaza, akatazama simu. Kupitia dirisha la mlango niliwaona wanangu wanagombania chupa ya maji.

Dada akasema, "Mama, anasema bado yuko nyuma ya wenzake kwa karibu mwaka mmoja. Anauliza unataka kusikia mpango wake sasa, au una swali kwanza?"

Nilikuwa na maswali manne, nimeyaandika kwenye mgongo wa risiti.